Viatu vya kwanza vya pointi: mguu kwanza, mwalimu pili, pesa mwisho

Kuna siku mtoto wako anayejifunza baleti atarudi nyumbani na habari moja tu mdomoni: mwalimu amesema niko tayari kwa viatu vya pointi. Kama hujawahi kuvisikia, hivi ni vile viatu vya satini vinavyomwezesha mcheza densi kusimama juu ya ncha kabisa za vidole vyake, kana kwamba hana uzito. Mtoto atakuwa amengoja siku hiyo kwa miaka. Wewe mzazi, uwe Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, utakuwa na maswali mawili: ni pesa ngapi, na nazitumaje?

Sisi kazi yetu ni pesa kwenye simu. Hatufundishi densi. Lakini tumeona kwamba maswali ya wateja kuhusu malipo huwa hayaanzi kwenye simu, yanaanza kwenye kile kitu kinachonunuliwa. Na kiatu hiki ni mfano mzuri sana wa kitu ambacho ukikilipia kwa mpangilio mbaya, unaumia mara mbili: mfuko wako unaumia, na mguu wa mtoto unaumia. Kwa hivyo leo tunakupeleka hatua kwa hatua, kutoka siku mwalimu amesema ndiyo hadi siku unabonyeza nambari ya siri.

Kama utakumbuka jambo moja tu kwenye makala haya, liwe hili: usilipe chochote kabla mguu haujaingia kwenye kiatu na ukaonekana unakaa sawa.

Kiatu chenyewe ni kitu gani

Ukikishika mkononi utashangaa. Nje ni kitambaa laini cha satini, lakini mbele ni kigumu kama ubao. Sehemu hiyo ngumu huitwa kisanduku. Kwa viatu vya kawaida hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, zikikauka zinashika umbo. Kisanduku ndicho kinachoshikilia vidole, na mbele yake kuna uso mdogo bapa ambao ndio unagusa sakafu. Chini ya wayo kuna uti, ambao huwa wa ngozi, kadibodi ngumu au plastiki. Uti huo ndio unaobeba upinde wa mguu.

Jambo lingine la kushangaza: viatu vingi vya pointi havina cha kulia wala cha kushoto. Vinatoka vikifanana, na mcheza densi mwenyewe huamua kipi ni kipi kadiri vinavyozoea miguu yake. Tena huja bila kamba. Tepe na lastiki hununuliwa kando na kushonwa nyumbani kwa mkono, kila kimoja mahali panapofaa mguu wa mtoto huyo.

Historia yake si ndefu sana. Marie Taglioni alicheza onyesho la La Sylphide jijini Paris mwaka 1832 na kuufanya uchezaji wa ncha za vidole ujulikane kote, lakini viatu vyake vilikuwa laini tu, vimeshonwa nyuzi za ziada mbele ili visichanike. Kisanduku kigumu kilikuja baadaye. Kampuni kama Freed of London, iliyoanza mwaka 1929, bado hutengeneza viatu hivi kwa mikono. Na kwa muda mrefu rangi ilikuwa moja tu, ya waridi iliyopauka, kwa sababu ilikusudiwa ifanane na ngozi nyeupe. Wacheza densi weusi walikuwa wanapaka viatu vipodozi vya uso ili vifanane na miguu yao. Mwaka 2018, Freed kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black la Uingereza walitoa viatu vya rangi ya kahawia. Kwa hivyo usiogope kuuliza: je, kuna rangi inayofanana na ngozi ya mtoto wangu? Mwalimu atakuambia kama shule yake inaruhusu au inataka watoto wote wavae rangi moja.

Nani anasema mtoto yuko tayari?

Si mtoto. Si muuzaji. Wala si wewe mzazi, hata kama pesa iko tayari kwenye simu. Ni mwalimu wake, baada ya kumwangalia kwa muda.

Sababu ni mifupa. Mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili bado inakua, na mingine haijakomaa hadi miaka ya ujana. Ukimpandisha mapema, kabla misuli ya mguu, kifundo na tumbo haijapata nguvu, uzito wote unaangukia mahali ambapo hapajawa tayari. Madaktari na walimu wa tiba ya densi walitoa mwongozo mwaka 2009 unaotumiwa hadi leo. Kwa ufupi unasema hivi: asianze kabla ya miaka 12, mguu na kifundo viwe na uwezo wa kunyooka vya kutosha, mwenye tumbo, nyonga au miguu dhaifu asubiri aimarishwe kwanza, anayefika darasani mara moja tu kwa wiki asihimizwe, na anayefika mara mbili kwa wiki, akiwa mzima kwa hayo mengine yote, aanze katika mwaka wa nne wa mafunzo.

Ona kwamba umri peke yake hautoshi. Mtoto wa miaka 13 aliyeanza baleti mwaka jana bado, na hakuna ubaya. Huyo hajashindwa, anajengwa.

Sisi wa Kajiado tunaelewa jambo hili bila kwenda mbali. Tazama vijana wa Kimaasai wakiruka kwenye adumu: wanapaa na kushuka wima, visigino haviwekwi chini. Nguvu ile haikununuliwa dukani. Mguu ulijifunza kwanza. Baleti ni mchezo tofauti kabisa, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Kabla ya kiatu, mwalimu atataka kuona mtoto akichuchumia kwa mguu mmoja, apande na kushuka mara nyingi bila kuyumba na bila kifundo kupinda upande.

Muulize mwalimu maswali haya, hata kwa ujumbe wa simu. Unaweza kuandika hivi:

"Habari ya jioni, mwalimu. Nimesikia mtoto yuko tayari kwa viatu vya pointi. Naomba kujua: atavitumia dakika ngapi kwa wiki? Tutapimwa wapi na nani? Nitafute aina gani, na kuna aina usiyoitaka? Na ukishaviona utaniambia kama vinafaa kabla sijashona tepe? Asante sana."

Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Akikujibu "nunua tu vyovyote," basi uliza tena kwa upole, au omba kupimwa pamoja naye.

Si viatu vya kukulia

Hapa ndipo wazazi wengi wa Kenya wanapojikwaa, na si kwa ubaya, ni kwa mazoea. Viatu vya shule tunanunua vya kukulia. Mtoto anavaa saizi 34, tunachukua 36, tunaweka pamba mbele, tunasema vitamfikisha mwaka kesho. Kwa bajeti ni akili. Kwa viatu vya pointi ni hatari.

Kiatu cha pointi kikiwa kikubwa, mguu unateleza ndani na kuzama hadi mwisho wa kisanduku, na uzito wote unaangukia kidole gumba. Kucha zinapondeka, malengelenge yanatoka, kifundo kinayumba. Kikiwa kidogo, vidole vinajikunja na kubanwa pande zote. Hakuna nafasi ya kukua. Kiatu kinatakiwa kikae kama soksi ngumu: vidole vimenyooka, vinagusa mwisho, havijikunji.

Mazoea ya pili ni mitumba. Tunapenda mitumba, na kwa koti au buti za mvua hakuna shida. Lakini kiatu cha pointi kilichotumika kimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na kisanduku na uti vimeshalainika. Hata kama ni cha dada yake mkubwa na bado kinang'aa, kwa mtoto anayeanza kimekufa. Kiweke ukutani kama kumbukumbu.

Mazoea ya tatu ni kutuma saizi kwa simu. "Niletee 36." Nambari za viatu vya pointi hazifanani na za viatu vya kawaida, na kila kampuni ina nambari zake. Tena kuna upana, ambao baadhi ya kampuni huuonyesha kwa herufi au alama za X. Watoto wawili wanaovaa saizi moja ya viatu vya shule wanaweza kuhitaji viatu viwili tofauti kabisa vya pointi.

Siku ya kupimwa

Kiatu hiki hukipati kwenye duka la kawaida la viatu. Mwalimu atakuelekeza: pengine atapanga siku ya kupimwa shuleni kwake, pengine atakutuma Nairobi. Ukitoka Kitengela ujue Barabara ya Namanga na makutano ya Mombasa Road yana foleni yao, na ukitoka Kajiado mjini ongeza muda wa kupita Isinya na Kitengela yenyewe. Panga safari isiwe ya kukimbizana. Mtoto aliyechoka na mwenye njaa atasema "viko sawa" ili tu mrudi nyumbani.

Jiandae hivi:

1. Kata kucha za miguu siku mbili au tatu kabla, ziwe fupi na zilizonyooka. Zikikatwa asubuhi ile ile zinaweza kuuma.
2. Beba taiti za densi atakazovaa darasani. Soksi nzito zinadanganya kipimo.
3. Kama mwalimu ameagiza pedi za vidole za aina fulani, beba. Pedi nene inabadilisha saizi.
4. Pimwa mchana au alasiri ikiwezekana, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga.
5. Mkishuka matatu, tembeeni kidogo kwanza. Mguu uliokaa chini kwa saa moja na nusu haupimiki vizuri.
6. Mwambie mpimaji ukweli kuhusu jeraha lolote la zamani, kidonda au kidole kilichowahi kuvunjika.

Mpimaji ataangalia urefu wa vidole, upana wa mguu na upinde wa wayo. Miguu miwili ya mtu mmoja huwa haifanani kabisa, kwa hivyo apimwe yote. Kisha mtoto atajaribu jozi kadhaa. Usishtuke wakijaribu tano, sita au zaidi. Wewe kaa karibu na uangalie mambo haya:

Akisimama wima kwa wayo mzima, vidole vinagusa mwisho lakini vimelala vizuri. Akikunja magoti, vidole vinasukuma mbele kidogo zaidi, lakini havijikunji. Akishika ukuta na kupanda juu ya mguu mmoja, unaweza kubana kipande kidogo tu cha kitambaa kwenye kisigino kwa vidole vyako. Kikibaki kingi, kiatu ni kirefu. Kisipobaki kabisa, ni kifupi. Na akiwa juu, ule uso bapa wa mbele ulale sawasawa sakafuni, mguu usizame ndani.

Usimwulize mtoto "vinauma?" pekee. Atajibu hapana, kwa sababu anavitaka sana. Muulize: unasikia nini kwenye kidole gumba? Kidole kidogo je? Vidole vimenyooka au vimejikunja? Unateremka ndani ukipanda? Kubanwa kidogo pande zote ni kawaida. Maumivu makali mahali pamoja si kawaida.

Na kama hakuna jozi iliyokaa sawa siku hiyo? Mnarudi nyumbani bila viatu. Hiyo ni siku nzuri. Umepoteza nauli, hujapoteza mguu.

Kwa nini deposit ya mapema ni mtego

Sasa tufike kwenye eneo letu. Muuzaji anakuambia: "Tuma nusu nikuwekee, zimebaki jozi mbili." Unatuma. Siku ya kupimwa inafika, kiatu kinambana kidogo kidole gumba. Hapo akili yako inaanza kupiga hesabu nyingine: nimeshatuma elfu sita, nauli nimetumia, mtoto atalia. Unasema, "vitalainika."

Hapo pesa ndiyo imeamua, si mguu. Pesa ikishatoka, mguu unalazimishwa kuifuata. Ndiyo maana tunasema deposit ya kiatu ambacho hakijajaribiwa ni hatari hata kama muuzaji ni mwaminifu kabisa. Kama ni lazima utoe kitu ili kushika nafasi ya kupimwa, kiwe kidogo, kiandikwe kwa ujumbe kwamba ni ada ya kupimwa, na iandikwe pia kama kinarudishwa au hakirudishwi.

Weka pesa bila kubanwa

Habari njema ni kwamba kiatu hiki hakiji ghafla. Mwalimu huwa anaona dalili miezi kadhaa kabla. Mwombe akuambie mapema, hata kama ni "pengine mwaka kesho," halafu uanze kuweka.

Bei hutofautiana kulingana na kampuni na jinsi viatu vilivyofika nchini, kwa hivyo pata bei halisi kutoka kwa mwalimu. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme umeambiwa viatu 12,000. Ongeza pedi 1,500. Tepe, lastiki, sindano na uzi 700. Nauli ya watu wawili na chakula 1,000. Weka 800 ya dharura. Jumla 16,000. Ukiwa na wiki 16, ni 1,000 kila wiki. Ukiwa na wiki 32, ni 500.

Kisha fanya mambo matatu kwenye simu yako:

Kwanza, fungua akiba yenye lengo na uipe jina, "pointi" au jina lolote. Kama huduma yako ina akiba ya kufungwa hadi tarehe fulani, itumie. Pesa inayokaa kwenye salio la kawaida huliwa na tokeni za stima na boda bila wewe kujua.

Pili, weka siku moja ya kuhamisha. Kwa mwenye duka au genge, Jumatatu baada ya mauzo ya wikendi hufaa. Kwa mwenye mshahara, siku ile ile unapoingia. Usisubiri kitakachobaki, kwa sababu hakuna kinachobaki.

Tatu, epuka Fuliza au mkopo mwingine wa simu kwa viatu hivi. Mikopo ile ina gharama zinazoongezeka, na iliwekwa kwa dharura. Kiatu cha densi si dharura. Kama pesa haijafika, mtoto aendelee na viatu laini kwa muda. Hakuna anachopoteza, nguvu anayojenga sasa ndiyo itakayomsaidia akipanda. Na angalia kalenda: usipange kupimwa wiki moja na karo. Januari tunaiita Njaanuari kwa sababu.

Ujue pia kwamba hii si gharama ya mara moja. Wacheza densi wakubwa wa kulipwa wanaweza kumaliza jozi moja kwa onyesho moja. Mtoto anayeanza kwa dakika chache kila wiki atakaa nayo miezi, lakini mguu unakua, na kisanduku kinalainika. Siku unayolipa jozi ya kwanza, anza kuweka ya pili. Ukiweka 500 kila wiki, baada ya miezi sita utakuwa na 13,000.

Wazazi wa darasa moja wanaweza pia kufanya chama. Mchango mdogo kila mwezi, anayefikiwa na zamu ananunua. Tumieni akaunti ya kikundi inayoonyesha kila mtu ametoa nini, badala ya kuweka kila kitu kwenye laini ya mweka hazina. Si kwamba hamwaminiani. Ni ili kuaminiana kuendelee.

Unapolipa

Kiatu kimekaa, mwalimu ameridhika au yuko hapo. Sasa lipa, taratibu:

1. Lipa kwa tili au nambari ya Paybill ya biashara inapowezekana, badala ya nambari ya mtu binafsi. Jina la biashara linabaki kwenye kumbukumbu.
2. Kabla ya kuweka nambari ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini kwa sauti. Uliza, "Ni hili?" Kama halifanani na ulivyoambiwa, simamisha.
3. Hakikisha kiasi. Sufuri moja ya ziada ni pesa nyingi.
4. Ujumbe wa uthibitisho ukifika, usifute. Una nambari ya muamala, tarehe na saa. Piga picha ya skrini.
5. Omba risiti inayosema aina ya kiatu, saizi na upana. Hiyo itakusaidia jozi ya pili, hata kama itabidi apimwe tena.
6. Nambari ya siri ni yako peke yako. Muuzaji hahitaji kuishika simu yako, hata akisema anataka "kukusaidia."

Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, dakika hiyo hiyo. Ukichelewa na aliyepokea akaitoa, kuirudisha kunakuwa kugumu sana. Lakini elewa tofauti: kurudishiwa muamala ni kwa pesa iliyopotea njia. "Kiatu hakikumkaa" si muamala wa kimakosa. Hayo ni makubaliano yako na muuzaji, na ndiyo sababu tunasisitiza uulize masharti ya kurudisha kabla ya kulipa.

Ukiagiza kutoka nje

Wakati mwingine mpimaji atapata saizi lakini jozi haipo, na itabidi iagizwe. Hapo ni sawa, kwa sababu mguu umeshapimwa. Lakini omba bei kamili hadi mkononi: kiatu, usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Bei ya kwenye tovuti peke yake inadanganya. Kama unalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, weka kiasi cha ununuzi huo tu, na ukimaliza ifunge.

Wakora wanavyoingia

Viatu hivi ni vigumu kupatikana na mzazi ana hamu. Mkora anapenda mahali kama hapo. Dalili ni hizi:

Anauza kwa picha tu, hana mahali pa kupimia, na bei iko chini sana. Anakuharakisha: "leo tu." Anakubadilishia nambari dakika ya mwisho, "tili imegoma, tuma kwa hii." Anakutumia ujumbe unaofanana na wa huduma ya pesa akidai umepokea pesa kimakosa urudishe; angalia salio lako kwanza kabla ya kuamini ujumbe wowote.

Na moja muhimu kuliko pesa. Usitume picha za mtoto akiwa amevaa nguo za densi kwa mtu usiyemjua, hata akisema anataka "kuona mguu vizuri." Picha za miguu zikihitajika, zipitie kwa mwalimu, na ziwe za miguu tu.

Baada ya kununua

Usishone tepe. Usikwaruze soli. Usimruhusu mtoto atembee navyo sebuleni. Viatu vikishashonwa au kuchafuka, wauzaji wengi hawavipokei tena. Vipeleke kwa mwalimu jinsi vilivyo, avione mguuni, akisema sawa ndipo mshone. Na kupanda kwa mara ya kwanza kufanyike darasani, mwalimu akiwa karibu, kwa dakika chache.

Na kama pesa haitoshi mwaka huu?

Basi haitoshi, na mtoto bado ni mcheza densi. Kibera watoto wamejifunza baleti kwenye madarasa ya kawaida, madawati yamesukumwa pembeni, wengi miguu mitupu, chini ya walimu kama Mike Wamaya, ambaye mwaka 2017 aliingia kumi bora wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa mabanda Nairobi, alifika hadi shule ya English National Ballet jijini London. Kwa kawaida wavulana hawavai viatu vya pointi. Joel alifika huko kwa nguvu, nidhamu na miaka ya mazoezi. Hivyo ndivyo pia msichana wako anavyojengwa kabla ya satini.

Desemba, mkiweza, mpeleke Kenya National Theatre kuona The Nutcracker ya wanafunzi wa Dance Centre Kenya. Mwache aangalie miguu ya wale wakubwa. Kisha mkiwa kwenye matatu ya kurudi Kitengela, fungua simu na umwonyeshe akiba yake ilipofika. Mwambie imebaki wiki ngapi. Mtoto akiijua hesabu hiyo, atavumilia vizuri zaidi kuliko unavyodhani.